Tunabishana juu ya saa ya geti, watoto wanapoteza usingizi

Kila shule zinapofunguliwa, mjadala uleule hurudi redioni na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Kampala, Wakiso na Mukono: mtoto wa shule ya msingi aripoti saa ngapi? Wizara ya Elimu na Michezo imeonya zaidi ya mara moja dhidi ya masomo ya alfajiri na ya usiku, shule zimeitikia kwa mdomo, na vani zimeendelea kupiga honi gizani. Wanaowatetea watoto huzungumzia usalama barabarani, giza na baridi ya asubuhi. Wanaozitetea shule huzungumzia matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Pande zote mbili zimelifanya jambo hili kuwa mvutano kati ya huruma na bidii, na hapo ndipo zinapoteleza. Mtoto asiyelala vya kutosha hawezi kusikiliza, hata akiwa na bidii ya mchwa. Kwa hiyo mtoto asiyetulia darasani anapaswa kuulizwa kwanza habari za usiku wake, kabla hajaitwa mtukutu na kabla hajabandikwa jina la ADHD, yaani tatizo la kudumu la kukosa umakini na utulivu. Na kusogeza saa ya kufungua geti, peke yake, hakutamrudishia usingizi huo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu watu wengi hubishana bila kuifanya. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walitoa viwango mwaka 2016 ambavyo madaktari wa watoto huvitumia sana: mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa mchukue mtoto wa darasa la tatu anayeishi Nansana na kusoma upande wa pili wa mji. Vani inamchukua saa 11 alfajiri, kwa hiyo anaamshwa saa 10 na nusu. Ili apate saa 9 tu, kile kiwango cha chini kabisa, ni lazima awe ameshalala fofofo saa 1 na nusu usiku. Ili apate saa 10, awe amelala saa 12 na nusu jioni, wakati ambapo Kampala jua ndiyo kwanza linazama na yeye huenda ana nusu saa tu tangu ateremke kwenye vani. Bado hajaoga, hajafanya kazi ya nyumbani, na chakula cha jioni katika nyumba nyingi za hapa hupakuliwa saa 3 au saa 4 usiku. Akilala saa 4 amepata saa 6 na nusu. Kila usiku anadaiwa saa 2 na nusu, na kufikia Ijumaa deni ni saa 12 na nusu, yaani zaidi ya usiku mmoja mzima ambao hakuulala. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabu saa tangu macheo, na hapa kwenye ikweta hesabu hiyo karibu haikosei mwaka mzima. Kwa saa yetu wenyewe basi, saa 10 na nusu bado ni usiku. Mtoto huyo haamki mapema. Anakatizwa usiku wake.

Kinachokatwa nacho si kitu kidogo. Usingizi mzito huja zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku, na usingizi wa ndoto hujaa katika saa za mwisho. Mtoto anayechelewa kulala na kuamshwa alfajiri hupoteza hasa huu wa mwisho. Ubongo hutumia vipindi vyote viwili kuyapanga na kuyahifadhi yale yaliyofundishwa mchana, kwa hiyo somo la saa 11 alfajiri hulipwa kwa kupunguza usingizi ambao ungelihifadhi somo la jana. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayomwezesha mtu kujizuia, kungoja zamu yake na kushikilia maelekezo matatu kwa mpigo, ni miongoni mwa zinazoumia mapema usingizi unapopungua. Katika mtoto ndiyo kwanza inajengwa.

Hapa ndipo watu wazima hudanganyika. Mtu mzima asiyelala husinzia, anapiga miayo, anatulia kwenye kiti. Mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume. Mtazame saa 4 na nusu asubuhi darasani: anazungusha kalamu, anavuta sweta la mwenzake, anaomba ruhusa ya kwenda msalani mara mbili katika kipindi kimoja, anasimama kunoa penseli iliyochongoka tayari. Mwalimu akisema "andika tarehe, piga mstari, nakili maswali matano," anaandika tarehe kisha macho yanabaki kwenye ukuta. Akiguswa begani analia au anafoka. Mwili wake unapambana na usingizi kwa kutikisika, kama mtu anayetembeatembea ili asisinzie zamuni. Mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake anaona utovu wa nidhamu. Daktari akipewa orodha hiyohiyo ya dalili bila kuuliza habari za usiku, anaweza kuona ADHD. Dalili zinafanana kiasi hicho.

Kuna hoja nzito ya kupinga haya, na inastahili jibu. Inasema kwamba kukosa usingizi na kukosa umakini huenda pamoja bila kimoja kusababisha kingine: mtoto mwenye ADHD ndiye anayekataa kulala, na umaskini huleta chumba chenye kelele na pia matatizo shuleni. Ni kweli, mishale inakwenda pande zote mbili. Lakini wapo watafiti waliobadilisha usingizi wenyewe na kupima kilichofuata. Israel, katika utafiti uliochapishwa 2003, watoto 77 wa darasa la nne na la sita waliongezewa au kupunguziwa muda wa kulala kwa takriban saa moja kwa usiku 3 tu, na tofauti ikaonekana katika vipimo vya umakini na kumbukumbu. Kanada, 2012, watoto 34 wa miaka 7 hadi 11 waligawanywa. Walioongeza wastani wa dakika 27 kwa usiku walionekana na walimu wao kuwa watulivu zaidi na wasiopandwa na hasira ovyo. Waliopunguziwa dakika 54 walizorota. Walimu hao hawakujua nani yuko kundi gani. Hizi ni tafiti ndogo na za siku chache, lakini zinajibu swali la nini kinasababisha nini, na dakika 27 ni kitu ambacho hata nyumba ya chumba kimoja inaweza kukipata.

Hoja nyingine nzito ni ya mzazi mwenyewe. Mama anayepanga nyanya katika soko la Kalerwe kabla ya jua kuchomoza hawezi kumwacha mtoto wa miaka 7 nyumbani peke yake mpaka saa 1 na nusu. Kwake geti la shule lililofunguliwa mapema ni ulinzi, na anayemlaumu kwa hilo hajui maisha yake. Lakini kumpokea mtoto mapema ni jambo moja, kumfundisha hisabati saa 12 asubuhi ni jambo jingine. Shule inaweza kufungua geti, ikatandika mikeka kwenye darasa moja, ikaweka mlezi mmoja, na watoto wakalala au wakapumzika mpaka kengele. Kwa watoto wa chekechea na darasa la kwanza, mkeka huohuo baada ya chakula cha mchana, kwa dakika 30 hadi 60, unalipa sehemu ya deni.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayotamkwa kwa sauti kubwa: "Sisi tuliamka saa 11, tukatembea kilomita tano, na tukafaulu." Mtoto wa kijiji kisicho na umeme alikula mapema na taa ya mafuta ikazimwa saa 2 usiku. Akiamka saa 11 alikuwa amelala kwa saa 9. Na wanaoyasema haya ni wale waliofaulu. Waliosinzia, wakachapwa na kuacha shule darasa la tano hawaalikwi redioni. Ndugu yake hoja hiyo ni ile ya "watazoea". Mwaka 2003 watafiti Marekani walipima watu wazima waliolala saa 6 kwa usiku kwa siku 14 mfululizo. Uwezo wao wa kuwa makini uliendelea kushuka siku baada ya siku hadi ukafanana na wa mtu aliyekesha usiku mzima au miwili, huku wenyewe wakisema wanasikia usingizi kidogo tu. Kilichozoea ni hisia ya uchovu. Kama mtu mzima hawezi kuhisi alivyopungua, tusitegemee mtoto wa miaka 8 aje aseme.

Wakati huohuo sitaki usingizi ugeuzwe fimbo ya kuwapigia watoto wenye ADHD ya kweli. Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa 2017 uliwapima watoto 332 waliohudhuria kliniki za mishipa ya fahamu na afya ya akili, na asilimia 11 walikutwa nayo. Hiyo ni idadi ya kliniki, si ya nchi nzima, lakini inatosha kumaliza ubishi kwamba haipo hapa. ADHD ina masharti: dalili zionekane kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zitokee katika sehemu zaidi ya moja, yaani shuleni na nyumbani au kanisani au msikitini. Mtoto anayevurugika siku za shule tu na kutulia kabisa wiki ya pili ya likizo, akiwa amelala mpaka akachoka, huenda tatizo lake si hilo. Na hata mwenye ADHD iliyothibitishwa hunufaika usingizi unapotengenezwa. Australia, 2015, familia za watoto 244 wenye ADHD zilifuatiliwa. Waliopewa mafunzo mafupi ya kupanga usingizi, vikao viwili na simu moja ya kufuatilia, walipata nafuu ya dalili. Nafuu ilikuwa ndogo, ila ilipimika. Tena baadhi ya dawa za ADHD huchelewesha usingizi, kwa hiyo daktari asiyeuliza habari za usiku anaweza kutibu huku akiharibu.

Kisha kuna mtoto anayelala saa zote 10 na bado anaamka amechoka. Huyu ndiye anayesahaulika kabisa katika mabishano ya saa ya geti. Sikiliza pumzi yake. Kukoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki bila mafua, kulala mdomo wazi na kidevu kimeinuliwa juu, jasho jingi, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, maumivu ya kichwa asubuhi: hizo ni dalili kwamba mafindofindo au nyama za puani zimeziba njia ya hewa. Pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, ubongo unashtuka, mtoto anavuta hewa kwa mkoromo na kulala tena, mara nyingi kwa usiku mmoja, bila kukumbuka lolote. Hutokea zaidi kati ya miaka 2 na 8. Kipimo cha usiku kucha ni ghali na hakipatikani kila hospitali, lakini simu ya mkononi inasaidia: rekodi video ya dakika 2 au 3 kifua na uso vikionekana, ukilenga saa za alfajiri ambapo hali huwa mbaya zaidi, umwoneshe daktari wa masikio, pua na koo. Lakini usidanganywe kwamba upasuaji wa kuondoa mafindofindo na nyama hizo ni muujiza wa masomo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2013, lenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, lilikuta kwamba vipimo rasmi vya umakini havikupishana sana kati ya waliopasuliwa na waliosubiri. Kilichobadilika waziwazi ni tabia zao kama zilivyoelezwa na wazazi na walimu, pamoja na usingizi wenyewe, uliorudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa dhidi ya 46 ya waliosubiri.

Uganda ina sababu zake za ziada. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walirithi chembe ya selimundu (sickle cell) kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye selimundu hukabiliwa zaidi na kukoroma na kushuka kwa oksijeni usiku, achilia mbali maumivu yanayomwamsha. Upungufu wa madini ya chuma nao huleta miguu isiyotulia: mtoto anasugua miguu kwenye shuka, anasema inatambaliwa na wadudu, anachelewa kupata usingizi. Kipimo cha kuomba hapo ni ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na madaktari wengi huanza kufikiria kumpa chuma ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa lita, hata kama damu yenyewe haijapungua sana. Minyoo ya safura hunyonya chuma hicho, ndiyo maana dawa za minyoo zinazotolewa Aprili na Oktoba katika siku za afya ya mtoto zisirukwe. Chai ya rangi pamoja na chakula cha usiku inaharibu mara mbili, kwa kuzuia chuma cha maharage na mboga kisiingie mwilini, na kwa kafeini, miligramu 30 hadi 50 kwa kikombe, ambayo nusu yake bado imo mwilini saa 5 hivi baadaye. Mpe uji.

Malaria pia ina sehemu yake, na ni zaidi ya homa ya usiku. Watoto waliofuatiliwa Kampala baada ya malaria ya ubongo, katika utafiti uliochapishwa 2008, mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri miaka miwili baadaye. Kwa mtoto wa namna hiyo usingizi bora husaidia lakini hautoshi, na mwalimu anapaswa kuambiwa historia hiyo. Vivyo hivyo kuna kifafa cha kupotea kwa sekunde 5 hadi 15: mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda, ukimgusa hajibu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayeota mchana kwa sababu ya usingizi ukimgusa hugeuka. Tofauti hiyo moja inaweza kumwokoa mtoto na miaka ya kuchapwa.

Kwa hiyo, kabla ya jina lolote, daftari. Kwa usiku 14 andika saa aliyoingia kitandani, saa aliyolala kweli, mara alizoamka, kama alikoroma, kama alikojoa, na saa aliyoamshwa. Mwombe mwalimu aweke alama 1 hadi 5 ya utulivu mara mbili kwa siku, kabla ya mapumziko ya asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Kisha wahisha muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya usiku 2 au 3. Ukimwahisha kitandani kwa saa mbili nzima kwa siku moja atalala macho akitazama dari, nawe utasema mbinu imeshindikana. Mlishe yeye kwanza, saa 12 na nusu au saa 1, bila kungoja chakula cha wakubwa. Katika chumba kimoja, kile ambacho majirani wanakiita muzigo, pazia huzuia mwanga lakini si sauti, kwa hiyo geuza kichwa cha godoro mbali na televisheni na upunguze sauti mpaka alale. Simu itoke mkononi mwake saa moja kabla. Chandarua kichomekwe chini ya godoro na kisigusane na mwili, maana mbu huuma kupitia matundu. Kagua mishono ya godoro kwa tochi: vidoadoa vyeusi ni kinyesi cha kunguni. Na usimpe klorfeniramini, ile dawa ya mafua ambayo wengi huiita Piriton, ili alale. Huacha uzito kichwani mpaka asubuhi, na baadhi ya watoto huwachangamsha badala ya kuwalaza. Alama za mwalimu zikipanda ndani ya wiki 3, umepata jibu. Zisipopanda, peleka daftari hilo kwa daktari wa watoto, litampa mengi kuliko maneno "hatulii."

Shule nazo zina hesabu yao, na ndiyo maana agizo la saa ya geti huvuja. Vani moja inayofanya mizunguko miwili lazima iushushe mzunguko wa kwanza saa nzima kabla ya geti, kwa hiyo geti likichelewa kufunguliwa kwa nusu saa, dereva anaweza kuongeza vituo tu na mtoto wa kwanza asipate hata dakika. Vituo 12 kwa dakika 5 kila kimoja, pamoja na kumngoja anayetafuta kiatu, ni saa moja kabla hujagusa foleni ya barabara kuu. Mwalimu mkuu anayetaka kubadilisha kitu aanze na karatasi ya vani: mzunguko wa kwanza asubuhi uwe wa kwanza kurudishwa jioni, zamu zibadilishwe kila muhula, na hakuna mtoto wa chini ya darasa la nne kwenye mzunguko wa kwanza. Kwenye bweni hakuna vani ya kulaumiwa. Mzazi anayekwenda siku ya kutembelea aulize mambo mawili tu, na amuulize mtoto badala ya mlezi: taa huzimwa saa ngapi, na kengele ya kwanza hulia saa ngapi. Akijibiwa saa 4 usiku na saa 10 na nusu, hizo ni saa 6 na nusu, na huyo mtoto wa miaka 10 hajapata usingizi wa umri wake hata siku moja ya shule tangu muhula ulipofunguliwa.